Taksi Isiyo na Mlango wa Kushukia: Hotuba kuhusu Msongamano wa Wahusika katika Michezo ya Kuiga Maisha

Mabibi na mabwana, wachezaji wenzetu, wazazi mliokuja na vijana wenu, nanyi mliotoka Jinja, Mbarara na Gulu kuungana nasi hapa Kampala, karibuni sana. Somo letu leo ni moja. Tutazungumza juu ya miji ya kwenye kompyuta inayojaa watu mpaka mchezo unashindwa kwenda. Tutaona namna ya kuizuia isijae, na namna ya kuipunguza ikishajaa bila kuharibu ukoo ulioujenga kwa miezi.

Tuanze na taksi. Gari linalotoka katikati ya jiji kwenda Kawempe lina viti vya abiria 14. Anayeshuka Wandegeya humwachia kiti anayepandia Wandegeya, na safari inaendelea. Sasa fikirieni taksi ambayo mlango wa kupandia uko wazi siku nzima, na wa kushukia umepigiliwa misumari. Hata injini iwe mpya, gari hilo halifiki Bwaise.

Hiyo ndiyo hali ya mji wa mchezo pale mchezaji anapogusa mpangilio mmoja akaacha mwenzake. Mfano tunaokutana nao kuliko yote ni wa mtu anayezima uzee kwa sababu anawapenda wahusika wake, lakini anaacha majirani waendelee kuzaa. Amefunga kifo, hakufunga uzazi. Baada ya hapo kilichobaki ni hesabu tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua wahusika 40, wanaume 20 na wanawake 20, wote wakapata wenza, na kila jozi ikazaa watoto watatu. Kizazi cha pili kina watu 60, cha tatu 90, cha nne 135. Uzee ukiwa umezimwa, hakuna anayeondoka, kwa hiyo kufikia kizazi cha nne mji una watu 325. Ukiacha uzee ufanye kazi na ukaweka watoto wawili kwa kila jozi, kila kizazi kinabaki na watu 40, na hata babu, wazazi na watoto wakiishi pamoja huvuki 120. Tofauti ya mtoto mmoja kwa kila jozi, pamoja na swichi moja ya uzee, ndiyo inayotenganisha mji unaochezeka na mji uliokwama.

Idadi ya watu ni sehemu ndogo tu ya mzigo. Mhusika mmoja hubeba umri, sura, nguo, ujuzi, kazi na kumbukumbu, lakini mzigo mzito ni uhusiano. Watu 50 wakijuana wote, uhusiano ni 1,225. Watu 100, ni 4,950. Watu 200, ni 19,900. Idadi ya watu ikiongezeka mara mbili, uhusiano unaowezekana huongezeka karibu mara nne. Kwa kweli si wote wanaojuana, ila kila sherehe, kila klabu na kila shule inasukuma idadi hiyo kwenda juu. Kwa kompyuta nyingi tunazonunua hapa zikiwa zimeshatumika, zenye RAM ya GB 4 na bila kadi ya michoro ya peke yake, mzigo huo unaonekana mapema.

Kabla hujalaumu wingi wa watu, pima. Shusha ubora wa michoro hadi chini kabisa, kisha mwamuru mhusika afanye jambo dogo, kama kuosha sahani. Picha ikienda laini lakini mhusika akasimama kama mti kwa muda kabla ya kutii, au saa ya mchezo ikawa inaruka na kusimama, shida iko kwenye mahesabu ya maisha ya wahusika. Picha ikibaki nzito huku mhusika anatii mara moja, shida ni michoro, na kufuta majirani hakutakusaidia kitu. Watu wengi wamefuta nusu ya mji kwa tatizo ambalo lilikuwa la vivuli na maji.

Sasa tuingie kwenye The Sims 4, kwa sababu ndio mchezo ambao wengi wenu mnao. Ulitoka Septemba 2014, na tangu Oktoba 2022 toleo lake la msingi ni la bure. Kaya moja haizidi watu wanane. Ikifika wanane, chaguo la kutafuta mtoto linazimika. Wengi huona dari hilo wakadhani limeumaliza msongamano, kumbe limeuhamisha. Kijana anahama, anaanzisha kaya yake, nafasi ya wazazi inafunguka tena, na kaya mpya nayo ina nafasi saba. Dari la kaya linasukuma watu mtaani.

Mtaani nako kuna milango ya kuingilia ambayo haionekani kwa urahisi. Wa kwanza ni Neighborhood Stories, mfumo ulioletwa mwishoni mwa 2021 na kupanuliwa Machi 2022. Huo ndio unaowafanya majirani usiowachezea wapate watoto, waasili, wahame, wabadilishe kazi na kuchukua wanyama. Ni mfumo mzuri, unaupa mji uhai, na hatuwashauri kuuzima wote. Unaweza kuuwekea masharti kwa kila kaya. Fungua mipangilio yake, chagua kaya, kisha ondoa alama kwenye kuzaa na kuasili pale ambapo hutaki watoto zaidi. Acha mabadiliko ya kazi na uhusiano yaendelee. Ukifanya hivyo kwa kaya zenye watoto watatu au zaidi peke yake, mji unapumua na bado una habari mpya kila wiki.

Mlango wa pili ni mchezo kujitungia watu. Unapohitaji mhudumu wa baa, mpeleka barua au wateja wa kujaza maktaba, mchezo hutafuta mtu aliyepo anayefaa, na asipopatikana hutunga mpya. Ndiyo maana kuwaua au kuwafuta watu wasio na makazi hakudumu. Leo unafuta 30, wiki ijayo wamerudi wengine kwa sura usizozijua, wamevaa kofia ya baridi na kaptura. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa ushauri huo unafaa neno kwa neno. Wale watu wasio na makazi, badala ya kuwafuta, wape nyumba zilizo wazi, wavalishe vizuri, waache wafanye kazi hizo. Nafasi ikiwa na mtu, mchezo hauna sababu ya kutunga mwingine.

Milango ya kutokea nayo ihesabiwe. Kuna kifo cha uzee, kuna kufuta mwenyewe, na kuna mchujo unaofanywa na mchezo kimyakimya. Huu wa mwisho ndio unaowaliza watu. Wahusika wakizidi kiwango ambacho mchezo unakivumilia, unaanza kuondoa walio nje ya kaya unazozichezea, hasa wasio na makazi na wenye uhusiano mchache, pamoja na marehemu. Haukuulizi wala haukuambii. Unafungua mti wa ukoo, unakuta pengo mahali alipokuwa bibi mzaa baba. Mchezo hauna habari kwamba bibi yule ndiye aliyeanzisha ukoo wako. Unachokiona wenyewe ni rekodi ambayo haijaguswa siku nyingi.

Kinga yake ni kazi ya kama nusu saa, na ifanywe kabla mji haujajaa. Kwanza toka kwenye mchezo kabisa. Nenda kwenye folda ya nyaraka, ndani yake Electronic Arts, kisha The Sims 4, kisha saves. Nakili folda hiyo yote kwenye flashi. Humo utaona faili inayoishia na .save, na pembeni yake nyingine zinazoishia na ver0 hadi ver4. Hizo ni nakala za nyuma ambazo mchezo unazitunza wenyewe, na umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, huenda moja ya hizo ndiyo itakayokuokoa. Rudi kwenye mchezo, hifadhi mji kwa jina jipya, halafu fanya kazi kwenye nakala.

Baada ya hapo fungua ramani, ingia kwenye usimamizi wa kaya. Kaya zimegawanywa makundi mawili, zako na za wengine. Pitia kundi la wengine jina kwa jina. Yeyote aliye kwenye ukoo wako, hata kama ni shemeji wa mbali, mhamishie kundi la kaya zako, kwa maana kaya iliyohesabiwa kuwa unaichezea haichujwi. Ila hapa pana mtego. Uzee una mipangilio miwili, mmoja wa kaya unazochezea na mwingine wa wale usiowachezea. Ukihamisha kaya 20 kwenye kundi lako huku uzee wa kundi hilo umeuwekea kaya moja tu, ile unayoicheza sasa, kaya zote hizo zimeacha kuzeeka. Umewakinga na mchujo, ukawafungia mlango wa kifo. Baada ya kuhamisha, rudi kwenye mipangilio ya uzee uone imesemaje.

Ukilazimika kufuta, anza na nakala zilizojirudia, kisha watu waliotungwa na mchezo ambao hawana ndoa, mtoto wala rafiki. Kaya unayoionea huruma ihifadhi kwanza kwenye maktaba yako ndani ya mchezo. Lakini jueni kwamba ukiirudisha baadaye, itarudi na uhusiano wa ndani ya kaya peke yake. Urafiki na undugu na watu wa nje haurudi. Kwa hiyo maktaba inatunza sura na tabia, haitunzi ukoo.

Kuhusu modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji ili kubadilisha mchezo. MC Command Center ya Deaderpool ndiyo inayotajwa kila mahali, na inastahili. Inakuwezesha kuweka uwezekano wa ndoa na mimba kwa majirani, kujaza nyumba tupu kwa wasio na makazi, na hata kuzima mchujo. Ombi letu kwenu ni hili. Msizime mchujo siku ya kwanza. Kuzima mchujo kunaondoa breki ya mwisho, na kama mimba za majirani bado ziko juu, faili itavimba mpaka ikatae kufunguka. Shusha uzazi kwanza, cheza wiki mbili za mchezo ukihesabu watu mwanzo na mwisho, na hesabu ikitulia ndipo uzime mchujo.

Modi hizi za script zina masharti yake. Faili ya .ts4script isikae ndani zaidi ya folda moja chini ya folda ya Mods, la sivyo haisomwi. Kila mchezo unaposasishwa, modi huzimwa zenyewe, na toleo la zamani la modi likirudishwa juu ya mchezo mpya linaweza kuharibu mji. Kwa mwenye kununua bando kidogokidogo, hii ina maana moja: usipakue sasisho la mchezo leo kama huna data ya kupakua sasisho la modi pia. Na kila ukiongeza au kuondoa modi, futa faili inayoitwa localthumbcache.package kabla ya kuwasha mchezo. Itajitengeneza upya.

Ndugu zangu, tumekaa sana kwenye mchezo mmoja, na tumefanya hivyo makusudi. Kwenye The Sims 4 wahusika walio nje ya kiwanja ulichopo ni rekodi zaidi kuliko watu wanaotembea, na ndiyo maana mji unaweza kubeba wengi kabla hujahisi. The Sims 3, ya Juni 2009, ni jambo jingine. Pale mji mzima unaishi kwa wakati mmoja. Jirani aliye ng'ambo ya ramani anatafuta njia ya kwenda kazini wakati wewe unapika. Programu yenyewe kwenye Windows ni ya biti 32, kwa hiyo hata kompyuta iwe na RAM ya GB 16, mchezo hauwezi kutumia zaidi ya GB 4. Dari hilo likiguswa, unapohifadhi unapata kosa namba 12, na mara nyingi kikao chote kinapotea.

Ukiliona kosa hilo, usifunge mchezo kwa hasira. Rudi kwenye ramani ya mji ili kiwanja kifungwe na kumbukumbu ilegee, kisha jaribu kuhifadhi kwa jina jipya. Kuhifadhi kwa jina jipya kila kikao ni tabia nzuri kwenye The Sims 3 hata kusipokuwa na kosa. Kwa msongamano wenyewe, modi za NRaas ndizo msaada. StoryProgression inakuachia uendeshe uzazi na uhamiaji kwa matabaka ya wahusika, Overwatch inafagia mji kila usiku, ikiwemo magari yaliyotelekezwa, na Register inasimamia watu wa huduma ili mchezo usiendelee kuwatunga.

Kwa wenye The Sims 2, ambayo imerudi sokoni Januari 2025, neno ni moja tu: usifute mtu. Kila mhusika ana faili yake, na wengine wanamkumbuka kwenye faili zao. Ukifuta familia iliyo na uhusiano mjini, au ukifuta kaburi, kumbukumbu za wengine zinabaki zikielekeza mahali pasipo na kitu, na mji unaoza polepole. Pale dhibiti kuingia peke yake. Usiongeze mtaa mdogo usiouhitaji, kwa maana kila mtaa huja na watu wake.

Mchezo unaofundisha zaidi juu ya jambo hili, kwa maoni yetu, ni Dwarf Fortress wa ndugu wawili, Tarn na Zach Adams. Ulitoka mara ya kwanza 2006, toleo lenye picha likaingia kwenye duka la mtandaoni la Steam Desemba 2022, na toleo la kawaida bado ni la bure. Unasimamia vibeti wanaochimba ngome, na milango yao ya kuingilia imeandikwa waziwazi kwenye mipangilio. Kuna dari la wahamiaji, ambalo kwa kawaida ni 200. Kuna dari kali linalozuia hata uzazi, kwa kawaida 220. Kuna na dari la watoto, lenye namba mbili: watoto 100, au asilimia 1000 ya watu wazima. Kwa kompyuta ya kawaida hapa kwetu, weka wahamiaji 80, dari kali 90, watoto 10, uone ngome inavyokwenda kwa wepesi.

Kinachowachanganya watu ni kuweka dari la 30 wakaona wahamiaji bado wanaingia. Mawimbi mawili ya kwanza ya wahamiaji hayajali dari lako. Baada ya hapo, mchezo haulinganishi dari na idadi ya leo. Unalilinganisha na idadi ambayo msafara wa biashara wa vibeti uliondoka nayo mara ya mwisho kwenda kuripoti nyumbani. Msafara ukiuawa njiani, taarifa haifiki. Kwa hiyo anayetaka ngome ndogo aweke dari kabla ya kuanza, na aulinde msafara uende salama.

Halafu kuna paka. Kwenye mchezo huu paka hujichagulia mtu wa kummiliki, na mnyama mwenye mmiliki hachinjwi. Paka wawili wakiachwa huru huzaa, watoto wao hupata wamiliki kabla hujaangalia orodha, na kila paka anayezunguka ngome ni mahesabu ya kutafuta njia kila dakika. Fremu kwa sekunde, yaani picha ambazo kompyuta inachora kila sekunde, zinaanguka hadi mchezo unatambaa. Dawa ni tatu, na zote zifanywe mapema. Mhasi dume kwenye karakana ya mkulima. Wachinje watoto wa paka kabla hawajachagua mtu. Waliobaki wafungie kwenye kizimba kimoja, kwa kuwa mnyama aliye kizimbani hatafuti njia, na kizimba kimoja kinabeba wanyama bila kikomo.

Wafugaji wa Ankole wataelewa RimWorld, mchezo wa kusimamia koloni, haraka kuliko sisi wengine. Mfugaji wa kule anajua ana mitamba mingapi, madume mangapi, na dume lipi la ziada litatoka zizini. RimWorld ilipata chombo hicho mwaka 2021 kwenye toleo la 1.3. Kwenye kichupo cha wanyama kuna uchinjaji wa moja kwa moja, ambapo unaweka kikomo cha madume, majike, madume wachanga na majike wachanga kwa kila aina. Bila chombo hicho kuku ni balaa. Majike kumi wakitaga yai moja kwa siku, katika msimu wa siku 15 ni mayai 150, na yai lililorutubishwa linaangua baada ya siku tatu na nusu. Weka jogoo mmoja, majike wanane, wachanga sifuri, au mtenge jogoo kwenye zizi lake. Yai lililorutubishwa likiganda linaharibika, kwa hiyo chumba cha baridi nacho ni mlango wa kutokea.

Kwa watu wa RimWorld, msimulizi wa mchezo, yaani sehemu ya programu inayopanga matukio, ndiye anayeongoza mlango. Koloni likiwa na wachache, anawaleta wanaotaka kujiunga. Likijaa, anawapunguza, na maadui wanaoanguka vitani hufa zaidi badala ya kubaki mateka. Ni ufundi wa kupendeza sana, kwa sababu mchezaji hauoni mkono unaomzuia.

Kuna michezo iliyoamua kuweka dari lisilojadiliwa. Animal Crossing: New Horizons inaruhusu wanyama wakazi 10 tu kisiwani. Tomodachi Life iliweka wakazi 100, na mtoto akikua unachagua abaki kisiwani au aende kusafiri. Kwenye Stardew Valley, banda la daraja la juu kabisa linabeba wanyama 12, na unaweza kuzima uzazi kwa kila mnyama kwenye kadi yake. Humo msongamano haupo, na hakuna haja ya kuongeza neno.

Jambo la mwisho linahusu haraka. Mtu akishajua milango, hutamani kufunga wa kuingilia wote siku moja. Tafadhali msifanye hivyo. Sisi wa Uganda, ambao sensa ya 2024 ilituhesabu milioni 45.9, karibu nusu wakiwa chini ya miaka 18, tunaelewa umbo la umri lina maana gani. Wahusika si watu, na mtu asichukue mpangilio wa mchezo akaugeuza maoni juu ya binadamu. Lakini hesabu ya umri inafanya kazi humo pia.

Angalieni Banished, mchezo wa 2014 uliotengenezwa na mtu mmoja. Mtoto huwa mtu mzima akiwa na miaka 10, nyumba inabeba watu watano, na kila mtu anakula karibu vipimo 100 vya chakula kwa mwaka. Vijana huzaa wakipata nyumba yao. Ukijenga nyumba 15 kwa pamoja, watoto wanazaliwa kwa pamoja, wanakula kwa pamoja kabla hawajaanza kuzalisha, na baadaye wanazeeka na kufa kwa pamoja. Ukiogopa ukaacha kujenga kabisa, vijana wanabaki kwa wazazi mpaka wanapita umri wa kuzaa, na kijiji kinakufa kikiwa na ghala limejaa. Wanaofanikiwa hujenga nyumba moja au mbili, wakasubiri zijae, wakapima chakula, ndipo wakaongeza. Cities: Skylines, mchezo wa kujenga jiji, una wimbi hilohilo: mtaa mpya unajazwa na watu wa umri mmoja, na miaka kadhaa baadaye magari ya maiti hayatoshi.

Kwenye The Sims 4 wimbi hilo hutokea pale unapowasha uzee baada ya miaka ya kuuzima. Wazee 60 wanakufa ndani ya wiki moja, vilio vinajaa kila kiwanja, na mchezo unakimbilia kutunga wageni wa kujaza nafasi. Washa kwanza maisha marefu, acha kizazi kimoja kipite, kisha rudi kwenye maisha ya kawaida. Wachache uwashushe umri mwenyewe kwenye chumba cha kutengenezea wahusika, ili wasibaki wote rika moja.

Tumemaliza upande wa maneno. Kompyuta tatu zilizo mbele yenu zina nakala ya mji mmoja uliojaa. Kundi la kwanza litashughulika na kuingia tu, bila kufuta mtu. Kundi la pili litahamisha kaya na kupanga uzee. Kundi la tatu litatumia modi, na mchujo uachwe umewashwa. Kila kundi liandike idadi ya watu kabla ya kuanza, licheze siku saba za mchezo, liandike tena. Wenye miji yenu kwenye flashi, zileteni meza ya kushoto tuzinakili kwanza kabla hazijafunguliwa.